Santuri Chini ya Gunia la Mahindi

Mama yangu alikuwa mtu wa kuwahi. Ibada ya kwanza ya Jumapili ilimkuta tayari kwenye benchi la mbele, leso mkononi, akiwatazama wenzake wakiingia kama watu waliomkosea. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha nguo pale Thika, king'ora hakikumkuta barabarani hata siku moja. Ibada ikiisha alikuja moja kwa moja kwangu Ruiru, na mara nyingi alinikuta bado nimevaa nguo ya kulalia. Alisimama mlangoni, akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndara, kisha akasema, "Haiya! Kumbe huku kwenu bado ni usiku."

Mimi si mtu wa kuharakishwa. Nilikuwa fundi wa nguo, na fundi akiharakishwa hushona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Wateja walinijua kwa ulimi kabla ya kunijua kwa mshono, na aliyekuja kuniuliza "bado tu?" nilimrudishia kitambaa chake akatafute fundi mwingine. Mama peke yake ndiye niliyemvumilia, na hata yeye si kila Jumapili.

Kabla sijazaliwa, mama alikuwa ameimba kwenye santuri. Hakuimba peke yake. Mwanamume mmoja mpiga gitaa aliwachukua yeye na wasichana wawili wa kiwandani, akawapeleka Nairobi kwenye chumba kilichobandikwa makatoni ya mayai ukutani, wakawa waitikiaji wake. Wimbo wenyewe ulihusu kijana aliyemwahidi mchumba wake gauni, kisha akamletea kitambaa na kumwambia atafute sindano mwenyewe. Mama aliusimulia kwa furaha, na kila mara alifika mahali palepale. Walipotakiwa kuitikia kwa mara ya kwanza, mmoja wao aliingia kabla ya wakati. Mpiga gitaa alinuna, akataka warudie, lakini mwenye chumba alisema kuna watu wengine wanangoja mlangoni, itatoka hivyo hivyo.

"Ni yule wa katikati," mama alisema. "Alikuwa na haraka sana yule msichana."

Alipewa nakala moja, yenye lebo ya rangi ya chungwa. Mjomba wangu aliiazima kwa ajili ya sherehe, na kwenye sherehe hiyo kuna mtu mnene aliikalia. Tangu hapo mama alibaki na maneno matupu, na shangazi zangu, dada za baba, walikuwa wepesi wa kucheka. Walisema wamewahi kuiona santuri hiyo kwenye baa, na haikuwa na jina lake popote. Mama aliwajibu kwamba lebo huandikwa jina la mwenye gitaa. Waitikiaji hawaandikwi. Shangazi zangu walitazamana, wakaendelea kuchambua mboga.

Mimi nilimwamini, ingawa sikuwahi kuusikia wimbo huo. Niliujua kwa jinsi alivyouimba midomo imefungwa akikanda unga wa chapati. Nilijua mahali gitaa linapopanda na mahali wasichana wanapoingia.

Kisha kulikuwa na suala la masikio. Kwenye kiwanda kile mashine za kufuma zilipiga kelele mchana kutwa, hata mtu akikufokea karibu na shavu huambulii kitu. Wafumaji walizungumza kwa midomo. Waliifungua sana, bila sauti, na mwenzako aliye upande wa pili wa mashine alikuelewa vizuri, umbea na kila kitu. Na mashine yenyewe waliisikia kwa kiganja. Mama alikuwa akipita na kuweka mkono kwenye fremu, na kabla kitambaa hakijaharibika alishajua kwamba mahali fulani uzi umekatika. Kwa hiyo alipostaafu hakuna aliyegundua chochote. Ukizungumza naye uso kwa uso alikujibu barabara. Mpaka siku moja nilimwita kutoka nyuma, nikamwita tena, na yeye akaendelea kupepeta maharagwe.

Daktari alisema masikio yamechoshwa na kelele, hayatarudi, na yataendelea kufifia. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kufunga duka. Tulitoka nje tukaketi kwenye ukuta mfupi wa hospitali. Nilidhani mama anawaza jinsi atakavyozungumza na watu, lakini hilo halikumsumbua kabisa, maana midomo ya watu ilikuwepo.

"Wimbo hauna mdomo wa kuangalia," akaniambia. "Mimi nataka kusikia ile rekodi mara moja. Mara moja tu. Halafu hii masikio ikitaka kufunga, ifunge."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kununua santuri wakati ambao kila mtu mwenye akili alikuwa akiziuza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kaseti zilikuwa zimeshinda. Baa za Thika na Ruiru ziliondoa gramafoni zao moja baada ya nyingine na kuweka redio kubwa za kaseti. Santuri zilitupwa stoo, chini ya kreti za bia, au zilichukuliwa na mzee mmoja wa Majengo, Thika, mwenye kofia ya kufumwa, ambaye alinunua chochote kilichotoka kwenye baa iliyofungwa. Alifunga santuri kwa kamba ya katani, furushi furushi, na hakuruhusu mtu achague.

"Si nyanya hizi, mama," alimwambia mama. "Unachukua furushi, Mungu anakuchagulia."

Mama alimpenda kwa sababu alizungumza akimtazama. Mimi sikumpenda. Mfanyabiashara asiyekuruhusu kutazama mzigo ana sababu zake, na nilimwambia hivyo. Alicheka tu, akatufungia.

Nyumbani gramafoni tulikuwa nayo. Mume wangu alikuwa fundi wa redio, na kuna mteja aliyemletea gramafoni atengeneze, akahamia Kisumu bila kurudi. Ilikuwa na spika moja kubwa ya sanduku la mbao. Tatizo lilikuwa sindano. Maduka hayakuagiza tena sindano za gramafoni, na yeye alikuwa na moja tu, akaitunza kuliko alivyotunza meno yake. Mama alipokuja na furushi la kwanza Jumamosi jioni, mume wangu aliliangalia bila kuligusa. Lilikuwa limeloa bia ya zamani, majivu ya sigara na maji ya paa lililovuja. Mifuko ya karatasi ilikuwa imeoza na kugandamana. Huwezi kusoma lebo hata moja.

"Mama, hizi zikae mpaka kesho," akamwambia kwa adabu zote za mkwe. "Nitawaonyesha namna ya kuzisafisha. Polepole."

Mama alimwangalia mdomo, akatikisa kichwa kukubali, akarudi Thika kulala.

Neno "polepole" nadhani hakulisoma. Kesho yake asubuhi hakwenda hata kwenye ibada. Nilipoamka na kufungua mlango wa nyuma, alikuwa tayari uani, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, beseni langu kubwa limejaa povu. Alikuwa amezimwaga santuri zote ndani, akatia sabuni ya unga na maji ya moto, akazilowesha jinsi mtu anavyolowesha sufuria zilizoungua ugali. Lebo zilikuwa zimebanduka. Zilielea juu ya povu, vipande vya karatasi nyekundu, kijani na rangi ya chungwa, wino umevuja, hakuna jina linalosomeka. Na santuri zilizotangulia kusuguliwa alikuwa amezipanga juu ya bati la banda la kuku, zikauke juani pamoja na vifuniko vya sufuria.

Nilipayuka. Nilisema mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake, kwa hiyo hasira yangu yote iliwaishia kuku. Mama aligeuka baadaye, akaniona, akatabasamu.

"Umeamka!" akasema. "Kuja uone vile zinang'aa."

Kweli ziling'aa. Pia zilikuwa zimeanza kujikunja. Lile bati lilikuwa limepata moto wa jua, na kufikia wakati nilipozitoa zilikuwa na mawimbi kama chapati iliyovimba upande mmoja. Mume wangu alikuja akiwa na kikombe cha chai. Alichukua moja, akaiinua usawa wa jicho, akaitazama kwa ukingo. Hakusema neno la lawama kwa mama wa mke wake, lakini chai hakuimaliza.

"Sindano yangu haiwezi kupanda hiyo milima," akaniambia mimi.

Mama alisoma midomo yake, akaelewa alichokifanya. Alikaa kwenye kiti kifupi na mikono yake yenye povu magotini. Niliona haya kwa niaba yake, na hapo hapo hasira ikaniishia. Mama alikuwa ameosha vyombo maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna kitu duniani kinachoharibika kwa kuoshwa vizuri.

Mume wangu ndiye aliyetafuta njia. Alikuwa na vioo viwili vya dirisha la zamani nyuma ya karakana. Tulizipanga santuri zile zilizojikunja, tukaweka kitambaa cha bitana kati ya moja na nyingine, tukazibana katikati ya vioo, tukavilaza sakafuni kwenye kona ya jikoni. Juu yake tukaweka gunia la mahindi tuliloletewa kutoka shambani kwa wakwe zangu. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni, na tulilisukuma sote watatu, mama akiwa mbele. Mume wangu alisema ziachwe hapo, uzito ufanye kazi yake taratibu. Alisema hata zikinyooka hazina kazi sana, maana hakuna anayejua ni nyimbo gani. Hatukuzizungumzia tena. Tulikuwa na mafurushi mengine ya kupekua.

Kuanzia hapo tulijifunza kuosha. Ninapokumbuka miezi ile, hicho ndicho kinachonijia kwanza, Jumapili mchana uani kwetu, mama na mimi na beseni katikati. Maji yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kwenye pipa, kwa sababu maji ya bomba letu yaliacha ukungu mweupe kwenye mistari ya santuri. Yalipashwa mpaka yakawa ya kumwogeshea mtoto. Sabuni ilikuwa tone tu, ya kipande, iliyokwanguliwa kwa kisu. Kabla ya kugusa maji, lebo ilifunikwa. Mama ndiye aliyegundua kwamba kifuniko cha plastiki cha mkebe mdogo wa mafuta ya kupikia kinaenea juu ya lebo sawasawa. Ukikibana kwa kidole gumba upande mmoja, na kifuniko kingine upande wa pili, maji hayapiti. Alijivunia kifuniko hicho kama mtu aliyevumbua gurudumu.

Kisha ilikuja kazi ya kufuta. Nilikuwa na mabaki mengi ya bitana laini dukani, na tulifuta kwa kuzunguka, tukifuata mistari, kamwe si kwa kuikata. Kwenye mistari mlitoka vitu vya ajabu. Tulikuta mchanga, nta ya mshumaa, mguu wa mende. Mama alikuwa na subira ya kushangaza kwenye kazi hii. Yeye aliyekuwa akinikimbiza nimalize kunywa chai, alikaa na santuri moja mapajani akaizungusha, akaizungusha, na mikono yake ya mfumaji haikutetemeka. Tulizikausha kivulini, zimesimama kwenye rafu ya vyombo katikati ya sahani za kulia.

Mifuko nilishona mwenyewe. Mwanzoni nilijaribu pakiti za unga, lakini hata ukizikung'uta vipi, unga unabaki kwenye kona, na unga ukiingia kwenye mistari wimbo unakohoa. Nikahamia kwenye karatasi ya kaki niliyokuwa nikikatia ramani za nguo. Nilikunja, nikaipitisha kwenye cherehani kwa mshono mpana, mshono ukiwa nje ili uzi usikwaruze. Mama alikagua kila mfuko na kuurudisha kama msimamizi wa kiwanda. Mmoja aliurudisha kwa sababu mstari ulipinda kidogo mwishoni. Nilimwambia santuri haina macho. Akasema yeye anayo.

Jina liliandikwa kwenye mfuko kwa penseli. Hiyo ilikuwa sheria ya mume wangu, nayo haikuvunjwa. Wino hupenya karatasi ya kaki, alisema, na ukifika kwenye santuri hautoki. Penseli tu. Mama alinisomea jina moja moja, nami niliandika, na zikiisha tulizisimamisha ndani ya sanduku la mbao la majani chai, mbali na jiko, juu ya matofali mawili kwa sababu ya mchwa. Zilisimama wima bila kulaliana. Jioni mume wangu alichagua mbili tatu, akaweka sindano, na wapangaji wenzetu wakasogea na viti vyao. Kijana aliyeishi chumba cha tatu, ambaye alisikiliza kaseti za Wamarekani tu, alikuja kila Jumapili akisema amekuja kutucheka. Alikaa mpaka mwisho.

Nilikuwa na raha. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulijua. Nilidhani ninatafuta kitu, kumbe siku zenyewe zilikuwa nzuri.

Lakini santuri ya mama haikupatikana. Tulifungua furushi baada ya furushi. Kila alipofikia lebo ya rangi ya chungwa aliisogeza karibu na macho, akasoma, akainyanyua kuelekea kwangu bila neno ili niandike jina la mtu mwingine. Na masikio yalikuwa yanaondoka. Mwanzoni alisikia gramafoni akiwa amekaa mlangoni. Baadaye alisogeza kiti mpaka katikati ya chumba. Baadaye akawa anaegemeza sikio la kulia kwenye spika, na wimbo ukiisha alituuliza kama umeisha. Nilianza kununua mafurushi mawili kwa mara moja. Yule mzee wa Majengo, ambaye nilikuwa nimemtukana vya kutosha, aliuliza kwa kila mwenye baa aliyemjua, kuanzia Juja mpaka Kiganjo. Siku moja alimwambia mama, taratibu, midomo wazi, kwamba baa zilizobaki na santuri zimekwisha. Sasa kilichobaki ni viti.

Jumapili hiyo mama aliosha furushi la mwisho, akaning'iniza kile kifuniko cha plastiki kwenye msumari.

"Hakuna shida," akasema. "Tumesikia nyingine nyingi."

Nilijua ni uongo, naye alijua ninajua. Nilikwenda jikoni kutafuta mahindi ya githeri, ya kuchemsha na maharagwe.

Gunia lilikuwa limebaki robo. Tulikuwa tumelila kidogo kidogo tangu lilipowekwa, na sasa lilikuwa limelegea, limeinama upande mmoja. Nilipotia bakuli ndani nilisikia kioo kikigonga sakafu. Nikakumbuka. Nilimwita mume wangu, tukaliburuta gunia kando, tukainua kioo cha juu. Zile santuri za siku ya kwanza zilikuwa zimelala pale, katikati ya vipande vyangu vya bitana. Mume wangu aliinua moja usawa wa jicho.

"Imenyooka," akasema.

Aliinua nyingine. Chache zilikuwa bado zimepinda, zikawekwa kando. Zilizobaki zilikuwa tambarare, nyeusi tititi, na katikati yake palikuwa na duara tupu mahali lebo ilipokuwa. Mama alisimama mlangoni akatazama yale maduara, kisha akatazama pembeni. Bado alikuwa anaona haya.

Mume wangu alizifuta vumbi la mahindi kwa kuzunguka, polepole, akaweka ya kwanza kwenye gramafoni. Nilishangaa, maana ilikuwa sindano yake ile ile. Ikatoka sauti ya mwanamume akieleza jinsi ya kulisha ng'ombe wa maziwa. Kijana wa chumba cha tatu alicheka mpaka akashika mlango. Ya pili ilikuwa kwaya. Ya tatu ilikuwa na mkwaruzo, ikatolewa upesi. Mama alikuwa ameketi karibu na spika, mikono mapajani, akitusoma nyuso tu ili ajue kama tunafurahi.

Ya nne ilianza na gitaa peke yake.

Nililijua gitaa lile kabla sijajua kwamba ninalijua. Lilipanda mahali lilipopaswa kupanda. Mwanamume akaimba kuhusu gauni, akaahidi, akaapa. Mikono yangu ilikuwa na punje za mahindi na nikaziacha zianguke. Kisha, kabla gitaa halijamaliza kushuka, msichana mmoja aliingia. Aliingia peke yake, kwa sauti safi, ya juu, isiyo na wasiwasi wowote, na wenzake wawili wakamfuata wakikimbia kumfikia.

Nilimshika mama bega. Aligeuka akatazama mdomo wangu.

"Ndiyo hii," nikamwambia. "Mama, ndiyo hii."

Aliweka sikio la kulia kwenye spika. Aliganda hapo. Kisha akaliondoa, akatikisa kichwa, na uso wake ukaanza kuharibika kama wa mtoto. Hakuwa amesikia. Labda alisikia mvumo tu, kama maji yanayopita mbali. Tulikuwa tumekula mahindi miezi yote ile juu ya santuri yake, sahani kwa sahani, na sasa tulikuwa tumechelewa.

Mume wangu aliirudisha sindano mwanzo. Akafungua sauti mpaka mwisho, mpaka vikombe kabatini vikaanza kulia na jirani akafungua dirisha. Akamshika mama mkono, jambo ambalo mkwe kwetu hafanyi, akauweka juu ya sanduku la spika, kiganja chote. Nao ule mkono ulijua la kufanya. Vidole vilitanda juu ya mbao kama nilivyoviona vikitanda juu ya fremu ya mashine nilipokuwa mdogo nikimpelekea chakula kiwandani. Alifumba macho. Gitaa lilianza. Mwanamume akaahidi gauni, akaapa. Mama alikuwa ametulia kabisa.

Kisha akafungua mdomo na kuimba. Aliingia kabla ya wakati. Aliingia sawasawa na yule msichana, kwenye neno lile lile, na sauti yake ya sasa, iliyochakaa, ikakaa ndani ya sauti ile nyingine bila kuipita wala kuachwa nyuma. Waliimba pamoja kibwagizo chote. Nililia, wala sikujificha, na kijana wa chumba cha tatu akatazama nje kama mtu anayemsubiri mgeni.

Wimbo ulipoisha mama hakutuuliza kama umeisha. Aliondoa mkono mwenyewe.

"Si niliwaambia?" akasema. "Yule msichana alikuwa na haraka."

Mume wangu aliinua santuri kwa ncha za vidole, akaipitisha kitambaa, na mimi nikaleta mfuko mpya, ule wenye mshono ulionyooka kuliko yote. Nikachukua penseli sikioni, nikauliza tuandike jina lipi. Jina la mpiga gitaa mama alilijua, na alikuwa amelitafuta kwenye kila lebo ya rangi ya chungwa tangu tuanze. Alitazama lile duara tupu katikati ya santuri, lililooshwa kwa mikono yake mwenyewe.

"Andika langu," akasema.

Nikaliandika, la ubatizo na la baba yake, kwa herufi kubwa. Aliuchukua mfuko, akausogeza karibu na macho, akasoma. Kisha akalamba kidole chake, akapitisha juu ya herufi ya kwanza, na herufi ikachafuka.

"Hii inafutika," akasema, akanirudishia. "Leta biro."

Nilimtazama mume wangu. Alitazama santuri, akatazama mfuko, akatoa biro yake mfukoni.